Mkono wa Harold Sutcliffe

Jumatatu asubuhi Winifred Greenhalgh alikaa mlangoni pake na kikombe cha chai, akimsubiri mkaguzi wa majengo ya kale. Ngazi zake zilikuwa tatu, za mawe, zimelika katikati kwa miaka mia mbili ya viatu vya wafumaji. Yeye alikuwa na miaka themanini na mbili na goti bovu. Alichotaka ni chuma cha kushikilia, kutoka mlangoni hadi barabarani, apande basi akamwone dada yake Nellie kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya bonde.

Mkaguzi, Bwana Pickles, aliikagua safu nzima: nyumba nane chini ya paa moja, na ghorofani madirisha mapana yaliyoangazia mitambo ya kufumia. Saba zilikuwa za watu wa wikendi, wanaokuja siku hizo tu, mapazia yamefungwa.

"Haiwezekani, bibi. Zamani chuma hakikuwapo."

"Na nikianguka?"

"Hilo halimo kwenye fomu yangu."

Kesho yake Harold Sutcliffe wa namba nne, aliyekufa kwa homa mwaka 1918, alitoka ukutani akamkunjia mkono aushike. Ulikuwa wa baridi lakini imara. Wakashuka.

"Miaka ishirini sijashikwa mkono na mwanamume," Winifred alisema, "na aliyekuja ni mfu."

"Goti lako linasikika hadi kwangu, Winnie. Sikulala."

Watu wa wikendi walilalamika kwamba mfu anatembea mbele ya milango yao. Bwana Pickles akarudi na picha ya mwaka 1911, akamwona Harold humo, amesimama mbele ya namba nne. Akaandika: *Ni wa asili. Asiondolewe.*

Lakini nyumba za safu ile zimejengwa zikiegemeana, na wafu wake nao ni hivyo hivyo. Ukuta wa namba nane ulipoishia, Harold hakuweza kupiga hatua nyingine. Mbele kulikuwa na mteremko wa hatua arobaini, mwembamba usiopitisha gari, wenye mawe ya utelezi. Kila Alhamisi basi lilisimama chini, dereva akachungulia juu, akaondoka.

Winifred aliomba chuma tena. Jibu lilikuja kwa barua: kwa kuwa mwombaji tayari ana msaada wa asili, ombi limekataliwa.

Nellie alifariki mwezi wa tatu. Muuguzi alipiga simu, akasema marehemu alikuwa akiuliza kila siku kama dada amefika. Ijumaa gari la maiti lilipita barabara ya chini, polepole, na Winifred alilitazama kutoka pembeni mwa namba nane. Alilia sana, wala hakujificha, maana hapakuwa na mtu wa kumficha machozi.

"Alikuwa mtu mwema?" Harold aliuliza.

"Mkorofi," alisema Winifred. "Tulikuwa wawili tu."

Upepo ulizidi, wakageuka kurudi.