Kijiko Kimoja cha Mafuta

Mtaani walimwita Bi Chemsha, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Nyumbani kwake kila kitu kilichemshwa: viazi, maharage, mboga, hata kuku siku akipatikana. Chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa haijavuka kizingiti cha jiko lile kwa miaka mitatu. Kazini alikuwa mlinzi wa getini kwenye kiwanda cha nguo, yule mama anayekagua mikoba ya wafanyakazi wakitoka, na alisifika kwa kunasa hata kibonge cha uzi kilichofichwa kwenye soksi. Wageni waliokuja kumjulia hali baba yake walikaguliwa vivyo hivyo. Rafiki mmoja wa mzee alinyang'anywa samaki wa kukaanga mlangoni, akarudishiwa wakati wa kuondoka, kafungwa vizuri kwenye gazeti lake lile lile.

Lakini msimcheke sana. Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa moyo, ghafla tu, chungu kikiwa bado mekoni. Mwaka mmoja baadaye moyo wa baba nao ukamwangusha, akalazwa wiki mbili. Daktari wa moyo alimwambia binti apunguze mafuta kwenye chakula cha mzee. Yeye hilo "punguza" halikumwingia kabisa. Kilichomwingia ni kwamba mama angekuwa hai kama jikoni kungekuwa na mtu mkali. Basi akafungasha virago, akaacha chumba alichopanga, akarudi kwa baba, na siku hiyo hiyo akamwaga mafuta yote yaliyokuwemo ndani.

Baba alikuwa fundi saa. Alifanyia kazi sebuleni, kwenye meza ya droo ndogo ndogo iliyosogezwa dirishani, kile kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa jichoni. Chakula cha binti yake alikisema sana, na alikila chote. "Hiki hata mfungwa angekigomea," angesema, huku anafuta sahani kwa kidole. Alikuwa akila bila kutazama kilichomo, macho yake yako kwenye saa ya mtu.

Kisha macho yakaanza kumtupa. Jicho la kulia lilipata doa katikati, likakua mpaka akawa anaona ukingo wa saa lakini mishale haioni. La kushoto nalo likaanza kufuata njia hiyo. Daktari wa macho hakumficha. Kilichopotea kimepotea, alisema, ila hilo la kushoto tunaweza kulicheleweshea safari. Akamwandikia vidonge vya antioksidanti, vyenye vitamini na ile rangi ya njano inayopatikana kwenye mboga za majani.

"Ndani ya jicho panaliwa kidogo kidogo, mzee, kama chuma kinavyoliwa na kutu," alieleza. "Hivi vinapunguza kasi."

"Kutu tunajuana siku nyingi," fundi alijibu, akacheka. Alitoka pale amefurahi kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa kitu cha fani yake.

Tangu hapo jicho la kushoto likawa ndiyo mali pekee ya nyumba ile, na binti akalilinda kama alivyolinda geti. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda zamu, alimpelekea baba kidonge na glasi ya maji ya vuguvugu. Tumbo liwe tupu, alishika hivyo, ili dawa isigombane na chakula. Hakuna mtu aliyemwambia hivyo. Vidonge alivihamishia kwenye mtungi safi wa kioo, na boksi lake akalitupa, pamoja na ile karatasi ya maandishi madogo ambayo watu wengi hatuisomi.

Miezi kumi na minane. Hakuruka hata siku moja, hata alipokuwa na homa mwenyewe. Na jicho likazidi kufifia.

Siku ya kliniki baba alitiwa matone, akaachwa kwenye benchi la nje asubiri mboni zifunguke. Binti akaenda dirisha la dawa kuchukua vidonge vya miezi mitatu. Mfamasia wa siku hiyo alikuwa mgeni pale, dada wa makamo, mpole, aliyependa kuuliza uliza.

"Mzee anavimeza na chakula gani?"

"Havimezi na chakula, dada. Alfajiri, na maji matupu. Tena nyumbani kwetu mafuta ni marufuku, ana moyo." Alisema kwa fahari ya mtu aliyekuja na daftari safi.

Mfamasia aliweka kalamu chini.

"Mafuta hata kidogo? Siku nzima?"

"Hata tone. Miaka mitatu."

"Dada yangu," mfamasia alisema, na sauti yake ikashuka, "hivi vitu kwenye utumbo havipiti vyenyewe. Vinayeyuka kwenye mafuta, na mafuta ndiyo yanayovibeba kuviingiza mwilini. Bila hayo sehemu kubwa inapita tu na kutoka kama ilivyoingia. Kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti kwenye mboga kingetosha. Wala hakimdhuru mtu wa moyo."

Mlinzi alishika ukingo wa dirisha. Miaka ishirini alikuwa akizuia vitu visitoke, na sasa alikuwa anaambiwa kuhusu kitu alichokizuia kisiingie. Alikumbuka mzee alivyomwomba mara moja, kwa aibu kabisa, amkaangie yai moja tu, naye akamjibu kwamba yai la kukaanga akaliombe kwa mwanamke mwingine atakayekubali kumzika.

"Angekula hayo mafuta," alisema, "jicho lingekuwepo?"

"Hilo hakuna atakayekuambia. Kuna ambao huwasaidia. Kuna ambao wanafuata kila kitu na macho yanakwenda vile vile."

Ingekuwa nafuu kama angemwambia ndiyo. Ndiyo ingempa kitu cha kulilia. Akashukuru kwa adabu, akachukua vidonge, akatoka.

Daktari aliwapa majibu kwa maneno machache: la kushoto nalo doa limefika katikati, asihangaike tena na saa. Benchini, wakati binti anamfunga kamba za viatu, baba alikuwa akimwambia mgonjwa wa pembeni yake, "Mimi nimejaliwa. Binti yangu huyu hajakosa dawa hata siku moja. Bila yeye ningekuwa kipofu mwaka jana." Binti aliinama zaidi kwenye viatu. Alitamani ardhi ipasuke immeze, nami simlaumu.

Njiani alinunua chupa ndogo ya mafuta. Walipofika alimkalisha baba mezani, akaingia jikoni, akaweka kikaango. Kitunguu kilipoanza kulia kwenye mafuta, baba aliinua kichwa. Harufu ile ilikuwa haijaingia nyumbani humo kwa miaka mitatu.

"Mama," aliita, kama alivyozoea kumwita binti yake. "Njoo hapa."

Akaja, mwiko mkononi.

"Daktari kakuambia nini nilipokuwa nje? Usinifiche. Mtu akianza kupewa anavyovitaka, ujue hesabu yake imefungwa."

"Hapana, baba. Hufi."

"Sasa mafuta ya nini?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo wa aina tatu nne tayari mdomoni, na kila mmoja ungepita. Lakini mzee alikuwa amekunja mikono kifuani akijiandaa kufa, na hakuweza kumwacha hivyo. Akavuta kiti, akamweleza yote: kidonge, utumbo, mafuta, karatasi aliyoitupa. Alilia akieleza, na hakujifuta.

Kumtazama mtu usoni ilibidi sasa baba ageuze kichwa pembeni kidogo, amwone kwa ukingo wa jicho, na ndivyo alivyofanya.

"Miezi kumi na minane," alisema.

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Kukusamehe nimeshakusamehe. Hilo si kazi." Alipapasa meza mpaka akaupata mkono wake, akaushika, kisha akauachia. "Lakini ungeniacha niamini ni jicho tu. Na jicho ningepatana nalo. Sasa nitakaa humu gizani kila siku natafuta wa kumlaumu, na nyumba hii ina wewe peke yako."

Kitunguu kiliungua, binti akaenda kukiepua, akaanza upya. Alipika mboga kwa kijiko kimoja cha mafuta, hakuzidisha hata tone. Alipakua, akaweka sahani mbele ya baba, na kando yake kidonge.

Baba alikipata kijiko, akachota, akakipeleka karibu na mdomo, kisha akakisimamisha hapo. Akanusa.

"Umeweka nini humu?"

"Mboga, baba. Kitunguu, nyanya, chumvi. Mafuta kijiko kimoja."

"Na nini tena?"

"Basi. Hakuna kingine."

Alisubiri kidogo, kijiko kikiwa bado hewani, ndipo akala. Jioni alipoletewa chai aliuliza tena, na kesho yake pia, na binti akawa anamtajia kitu kimoja kimoja kabla hajagusa chochote.