Dwight Aingia Mto wa Chuo

Mume wangu Dwight ana hadithi moja tu, na mtaa wetu wote hapa Toledo, Marekani, umeichoka: eti kiangazi kimoja cha kupaka rangi nyumba za watu kilimlipia mwaka mzima wa chuo kikuu, na chenji ikabaki ya bia. Kwa hadithi hiyo alimlea binti yetu Hadley akiamini atasoma chuo kilekile awe daktari wa wanyama. Mtoto mwenyewe hajawahi kutaka kingine. Bata wa jirani amefungwa bandeji mara kadhaa, na hakuwa mgonjwa.

Basi Aprili tukaenda kukiona chuo. Dwight alikuwa keshabandika jina la chuo kwenye kioo cha nyuma cha gari kabla hata ya kuuliza ada. Nilimwambia asubiri, akasema nisimletee mkosi.

Aliyetutembeza ni dada mmoja aitwaye Colleen, akienda kinyumenyume ili asitupe kisogo. Akatuonyesha ukuta wa kukwea, mkahawa wa samaki wabichi, na chumba cha kusinzia mchana.

"Samahani, dada," Dwight akauliza, "madarasa mmeyahamishia wapi?"

"Yapo, mzee wangu. Ila kwanza njooni muone mto."

Walikuwa wamechimba mto wa kuzunguka, maji ya uvuguvugu, wanafunzi wanaelea juu ya maboya na vinywaji mkononi. Dwight akautazama kama mtu aliyekuta ng'ombe sebuleni.

"Huu umejengwa kwa pesa ya nani?"

"Ada zenu," Colleen akatabasamu.

"Hivi siku hizi kijana akipaka rangi kiangazi kizima, analipia nini hapa?"

Colleen akafikiri kwa dhati, maskini. "Maegesho ya gari. Ya muhula mmoja. Mimi nina shahada mbili za hapahapa, na bado natembea kinyumenyume nilipe deni."

Wazazi wengine wakacheka. Dwight akavua viatu, akanikabidhi pochi, akaingia mtoni na suruali yake ya kanisani.

"Dwight! Toka humo, unatuaibisha!"

"Kila mwaka chuo hiki kinatupigia simu sisi tuliosoma hapa kuomba mchango, na mimi mjinga natoa!" akapaza sauti, keshajipatia boya. "Mto huu ni wangu!"

Akazunguka, akazunguka tena. Mlinzi akawa anakimbia naye ukingoni akimbembeleza, wanafunzi wanapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze, na huku mbavu zinaniuma kwa kicheko.

Hadley ndiye hakucheka. Baba yake alipopita karibu, akapiga magoti akamshika bega.

"Baba, basi. Nitasoma kile chuo kidogo cha pale nyumbani. Nimeshajiandikisha, sikujua nikuambieje."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Nitauza nyumba."

"Na mama alale wapi?"

Uso wa Dwight ulikuwa umelowa wote, kwa hiyo ni mimi tu niliyejua kwamba analia. Niliwachukia wote waliouchimba mto ule.

Wakati wa kurudi Hadley aliendesha, baba yake nyuma amejifunga taulo.

"Hicho chuo cha nyumbani," akauliza, "kinafundisha udaktari wa wanyama?"

"Hapana, baba. Nitasoma miaka miwili ya mwanzo, halafu tutaona."

"Tutaona nini?"

Hadley akaongeza sauti ya redio, na hakuna aliyemwambia apunguze.