Uzito wa Shangazi

Kiwandani kwetu mvuto wa kitambaa unashikiliwa na makalio ya shangazi yangu. Sifanyi utani. Chuma kizito kilichokuwa kikikandamiza wenzo wa rola kiliibwa, na meneja, mkono wa birika kweli kweli, akamkalisha shangazi pale "kwa wiki moja tu". Mpaka leo yupo, na mto wake.

Kazi yenyewe ni hivi. Kitambaa kikivutwa mno kikiingia kwenye rangi, suruali ikifuliwa inarudi na kuwa kaptula. Kikilegea, kinakunjamana na kutoka na mabaka. Kwa hiyo shangazi anakaa, mimi nasimama kwenye breki ya rola nikikitazama kitambaa, na rangi inakolea. Sifa zote anapewa yeye, wala sioni wivu. Sana.

Kisha daktari akamwambia apunguze uzito, la sivyo magoti yatagoma. Meneja akaja juu.

"Mama, ukipungua hata kilo moja, kazi huna."

Akaanza kumletea sahani mbili kila mchana. Shangazi alitafuna huku machozi yakimlengalenga, nami nilitamani kumzamisha yule bwana kwenye pipa la bluu. Akigeuka tu, sahani ya pili ilikuja kwangu. Shangazi akakonda, mimi nikaanza kuhema kwenye ngazi.

Gauni lilipoanza kumpwaya, meneja alinunua kipimo cha mvuto, akakifunga kwenye mashine.

"Simama, kisha ukae. Mshale usipopanda, nenda nyumbani."

Shangazi akasimama. Mshale haukutikisika, ukabaki juu pale pale kana kwamba bado amekaa.

Niliuchungulia wenzo: kutu ilikuwa imeugandisha, labda kwa miaka. Mvuto wote ulitoka kwenye breki yangu. Meneja bado alikuwa anapekua mifuko akitafuta miwani. Nikalegeza breki, na alipoivaa akauona mshale uko chini kabisa.

"Kaa, shangazi," nikamwambia.

Akakaa. Nikakaza polepole, mshale ukapanda hadi kwenye alama ya kijani.

"Kumbe hata mwembamba anafaa," meneja alisema, akaondoka na sahani zake.

Nilimsogelea shangazi. Ningemwambiaje kwamba miaka yote hiyo alikuwa amekaa bure? Yeye akaweka mto wake sawa.

"Umechelewa kukaza," akaninong'oneza. "Aliyekutangulia kwenye breki, nikikohoa tu alishaelewa."