Mkono Mgongoni

Kama kuna kitu Nekesa alikichukia mwaka ule wa korona kuliko korona yenyewe, ni mtu wa kukupumulia kisogoni. Pale supamaketi Kitale walikuwa wamechora miduara ya manjano sakafuni, mikubwa, ili hata asiyejua kusoma ajue pa kusimama. Sasa wewe, mtu mzima mwenye macho mawili, unauacha mduara wako unakuja kusimama katika wa mwenzako. Unatafuta nini humo?

Na alikuwa na haki ya kukasirika, mtu asimwambie vingine. Nyumbani, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Kiminini, alikuwa amemwacha mumewe Jotham ameketi kitandani, anavuta pumzi moja moja kwa shida. Pumu. Mwezi wa nne walimlaza hospitalini, akawekewa oksijeni, na siku ya kutoka daktari alimwita Nekesa kando. "Mama, huu ugonjwa wa siku hizi usifike kwa huyu mzee. Ukifika, sitakudanganya." Tangu siku hiyo Nekesa aliweka ndoo ya maji na sabuni langoni, akaacha kwenda kanisani, na akashona barakoa za nyumba nzima kwa kitambaa kilichobaki cha mapazia ya sebuleni, kile cha maua ya alizeti.

Leo hakutaka hata kutoka. Lakini walikuwa wanakuja wageni, na mafuta ya kupikia yalikuwa yameisha. Binti yake Ivy, anayefanya kazi Bungoma na aliyekuja likizo wiki hiyo, alikuwa anamleta mchumba wake wa huko nyumbani kwa mara ya kwanza. Nekesa hakuwa amemwona huyo mchumba. Alijua jina tu, Kizito, na sifa, maana Ivy alikuwa amemwimba wiki nzima. "Mama, huyo ana adabu. Utaona mwenyewe."

Troli ikamgonga kisigino.

Aligeuka. Nyuma yake kulikuwa na kijana mrefu, shati limenyooka pasi, barakoa imeshuka kidevuni. Troli yake ilikuwa imejaa sukari, majani ya chai, mikate, na blanketi ndani ya nailoni.

"Kijana," Nekesa alisema, "mduara wako ni ule wa nyuma."

"Mathe, songa tu. Laini inakwama juu yako."

"Nimesimama pale ninapotakiwa. Na vaa hiyo maski vizuri, mimi nina mgonjwa nyumbani."

"Kila mtu ako na mgonjwa. Hii korona ni ya watu wa Nairobi, bana." Akacheka, na Nekesa akaisikia pumzi yake shingoni, ya moto. Alisogea mbele nusu hatua. Kijana naye akasogea, kisigino kikagongwa tena.

Nekesa alikuwa anatafuta neno la kumpasha, neno zito la mama aliyelea, ndipo simu ya kijana ikalia. Lo, na sauti ikabadilika papo hapo, ikawa asali tupu.

"Ivy, mpenzi. Tuko hapa Kitale na baba mdogo, namalizia kununua vitu vya wazazi. Siwezi kuchelewa, aki. Mwambie mama asihangaike na mapishi mengi. Nimemchukulia blanketi nzito, si huko kwenu kuna baridi."

Nekesa alijiambia kuna akina Ivy wengi duniani. Akageuza shingo kidogo. Kioo cha simu kilikuwa bado kinawaka, na pale kiooni alikuwa Ivy wake, amevaa ile blauzi ya bluu ya Krismasi.

Hapo sasa. Mtu asiye wa huku pengine hatajua uzito wa jambo hili. Kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawaketi meza moja. Mkwe akimwona mama mkwe anakuja njiani, huiacha njia akapita kwenye mahindi, umande umloweshe, lakini njia amwachie mama. Nekesa angeshusha barakoa yake ya alizeti na kusema, "Mimi ndiye huyo mama," yule kijana angekimbia akaiacha troli na blanketi lake.

Lakini hakusema. Alijua akisema, kijana atabadilika hapo hapo, na yeye hatajua kamwe Ivy anaolewa na nani. 

Laini ikasogea. Nekesa akachelewa kidogo, akili haipo.

"Mathe, tafadhali bana, nina wakwe wananingoja," Kizito alisema. Akamwekea kiganja mgongoni, katikati ya mabega, akamsukuma kando, akapitisha troli yake mbele. Keshia akaanza kumhudumia. Watu wote kwenye laini waliona, na wote wakaangalia viatu vyao. Ndivyo tulivyo siku hizi, mama wa watu anasukumwa nasi tunahesabu vigae.

Nekesa alirudi nyumbani kwa bodaboda. Hakuingia ndani. Alinawa langoni mpaka viwiko, akamkabidhi Ivy mafuta kwenye mlango wa jikoni.

"Mpelekee baba yako dawa wewe. Mimi siingii kwake."

"Kwa nini, mama?"

"Kuna mtu amenipumulia huko."

"Na leo siku ya wageni, mama?"

"Leo hasa."

Akachukua kigoda akaketi nje, chini ya dirisha la Jotham. Jotham akamwuliza kutoka ndani mbona anaketi nje kama mgeni. Akamwambia anapunga upepo. Kwa Ivy hakutaja jina lolote. Alitaka mwenyewe afike, aseme mwenyewe.

Wakafika mchana. Mbele alitangulia Mzee Mukhisa, baba mdogo wa Kizito, amevaa koti licha ya jua. Nyuma akaja Kizito na mifuko. Na hapo ndipo Nekesa alipotaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Kijana hakupita ghala la mahindi. Alisimama pale, kofia mkononi, barakoa imepanda mpaka chini ya macho, uso umeinamia ardhi. Nafasi aliyoiacha kati yake na nyumba ingetosha trekta kugeuka.

"Mama, unaona?" Ivy alinong'ona mlangoni, uso unang'aa. "Si nilikuambia?"

"Hodi hapa," alisema Mzee Mukhisa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Upepo ukapeperusha pazia la sebuleni. Kizito akainua macho kidogo, akaona alizeti. Macho yakabaki hapo. Kisha yakashuka polepole mpaka chini ya dirisha la pili, kwa yule mama aliyeketi kwenye kigoda, mwenye alizeti zile zile usoni. Mfuko mmoja ukamtoka mkononi.

Nekesa akasimama. "Karibu, mzee. Samahani sitakukaribia. Naomba umuulize kijana wako jambo moja, maana mimi na yeye kimila hatuongei. Muulize alifundishwa na nani kusimama mbali hivyo."

Mzee Mukhisa akatabasamu, amefurahi. "Ni sisi, mama. Mila hatujaitupa."

"Mmemfundisha vizuri. Sasa muulize asubuhi hii mila hiyo alikuwa ameiweka wapi, aliponitia mkono mgongoni pale supamaketi, maski iko kidevuni, akanisukuma ili awahi kwa wakwe."

Ivy alimtazama mama yake, akamtazama Kizito.

"Sikujua ni yeye," Kizito alisema kwa sauti ya chini. "Ivy, walahi, sikujua."

"Mzee, mwambie hicho ndicho kinachoniuma," Nekesa alisema. "Angejua ni mimi angekimbia. Kwa hivyo kukaa mbali anaweza, anajua sana. Ila mama wa mtu mwingine hastahili. Na huyo wa mtu mwingine naye ana mume ndani. Umesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wako amekuja mwenyeji augue. Hapa nilipo siwezi kumpelekea mume wangu hata maji, sijui nimebeba nini."

Ndani Jotham akaanza kukohoa. Kikohozi kirefu, kile cha kukata pumzi. Nekesa alishika pazia, akaliachilia. Siku nyingine angekuwa ameshafika, mkono wake uko mgongoni kwa mumewe, anamsugua mpaka pumzi irudi. Leo alisimama tu, mikono imekosa kazi. Ivy ndiye aliyekimbia ndani.

Wakangoja wote uani. Kikohozi kikapungua, kikakoma. Ivy akatoka, macho mekundu, barakoa usoni. Hakumtazama mtu. Akaenda moja kwa moja mpaka ghalani, akachukua mifuko, sukari na mikate na lile blanketi, akaipeleka yote langoni na kuiweka kando ya ndoo.

"Rudini Bungoma," alisema. "Baada ya wiki mbili, Kizito, kama baba yangu bado anapumua, njoo tuongee. Kama hapumui, usije hata matanga."

Kizito alifungua mdomo, lakini Mzee Mukhisa akamwambia, "Twende." Mzee mwenyewe hakuaga kwa maneno, aliinamisha kichwa tu kuelekea dirishani.

Langoni kijana akasimama kwenye ile ndoo aliyoipita wakati wa kuingia. Akachukua sabuni, akanawa, vidole kimoja kimoja, taratibu, mpaka povu likajaa.

"Sasa ndiyo ananawa," Nekesa alisema, akasonya. Akavuta kigoda chake karibu na dirisha la Jotham, ila si karibu sana.