Supu ya Njegere Nyuma ya Ukuta

Mimi si mtu wa kukaa nyuma ya jiko huku mwingine akihangaika na supu yangu. Lakini siku ile nilikaa, tena nilikaa sana, na mjukuu mapajani.

Mwanangu Joséline alikuwa amejifungua wiki iliyotangulia, huko Mwamkulu kwa mumewe Kashinje. Mtoto salama, mama salama, ila mama hali. Ugali anausukuma, wali anaugeuzia uso, uji anaonja kijiko kimoja analala. Maziwa yakawa haba, na Amosi, mjukuu wangu, anavuta titi, hapati kitu, analia mpaka sauti inakauka. Joséline akanipigia simu huku kwangu Katumba. "Mama, nataka ile supu yako ya njegere na mguu wa moshi." Mzazi akitamani kitu hubishani naye.

Mguu nilikuwa nao. Nguruwe nilimchinja Pasaka, paja la nyuma nikalisugua chumvi, nikalitundika juu ya mafiga mpaka moshi ukaligeuza jeusi nje na jekundu ndani. Kufuga nguruwe Katumba wengi tunajua. Wanaojua kumkausha ni wachache, nami ni mmojawapo, na wala sijisifu. Usiku nikauloweka ule mguu utoke chumvi, njegere kavu za Sumbawanga nikaziloweka kwenye ndoo yake, asubuhi nikapanda bodaboda na ndoo zangu mbili. Dereva akauliza hiyo harufu ni ya nini. Nikamwambia aangalie barabara.

Nilitegemea Nyanzala, mama yake Kashinje, atapika na mimi nitamwelekeza. Nafika, naambiwa Nyanzala kaenda msibani Usevya. Pale nyumbani yupo Kashinje peke yake.

Hapo ndipo penye kazi. Kashinje ni Msukuma, na Wasukuma na sisi tuliotoka Burundi tunagombana kwa mengi, hasa ng'ombe wao wakiingia kwenye mahindi yetu. Ila kwa hili tunaelewana: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawapigi soga. Tangu harusi, Kashinje akiniona njiani anakata porini kama digidigi. Na mimi nilivyolelewa, siingii jikoni kwa mkwe hata paa liwake moto.

Joséline naye hakuwa na nguvu ya kusimama motoni, kwa hiyo kupika kukamwangukia Kashinje. Basi nikaziacha ndoo mlangoni mwa jiko, nikazunguka nyuma, nikatandika mkeka kwenye kivuli cha paa. Joséline akaja akajilaza ubavuni mwangu, nikampakata Amosi. Kati yetu na moto ulikuwepo ukuta wa udongo. Upande wa pili nikasikia mtu anakohoa kwa heshima.

"Mjukuu wangu," nikamwambia Amosi kwa sauti ya kusikika, "mwambie baba yako aanze kuchemsha mguu. Njegere baadaye."

Kisha ukuta ukajibu. "Mwanangu, mwambie bibi yako mguu hauenei kwenye sufuria."

"Mwambie shoka lipo."

Shoka likafanya kazi yake. Mjumbe wetu alikuwa anajaribu kula ngumi yake mwenyewe.

Tukaendelea hivyo. Mwambie baba yako povu likipanda aliengue. Mwambie bibi yako limeenguliwa. Mwambie sasa atie njegere, kitunguu na karoti, na asiache kukoroga, maana njegere zikishika chini zinaungua, na zikiungua hata mbwa hazili. Mwambie bibi yako mkono umechoka. Mwambie abadilishe mkono.

Kuona sikuweza, lakini supu ya njegere hupikwa hata kwa sikio. Mwanzoni maji yanarukaruka, yana haraka. Njegere zikianza kuvunjika, mlio unashuka. Zikiwa tayari, sufuria inaguna polepole, guno moja, inapumzika, guno jingine. Nilipolisikia guno hilo nikaagiza mguu utolewe, nyama inyofolewe mifupani, irudishwe ndani.

"Mwanangu, mwambie bibi yako vidole vinaungua!"

"Mwambie vyangu viliungua kabla yeye hajazaliwa."

Joséline akacheka. Kicheko kidogo, cha mgonjwa, lakini kilinipa moyo.

"Mwanangu, mwambie bibi yako supu imekuwa nzito kama kisima ng'ombe wakishatoka kunywa."

"Mwambie asinifananishie supu na matope! Ailegeze kidogo, basi."

Nikasikia kitu kinamiminwa. Nikaridhika. Baada ya muda Kashinje akaweka bakuli kwenye kona ya jiko, akakohoa, akarudi ndani haraka. Nikalivuta. Rangi ya kijani ilikuwa imepauka. Nikanusa: moshi, kitunguu, na maziwa.

Maziwa!

Kwetu njegere na maziwa haviingii tumbo moja siku moja. Ukivichanganya, anayeumia ni ng'ombe aliyekamuliwa: kiwele kinavimba, maziwa yanakatika, na anaweza hata kufa. Bibi yangu alitufundisha hivyo, naye alifundishwa na bibi yake. Tulivuka mpaka bila ng'ombe hata mmoja, lakini katazo hilo tulivuka nalo.

Joséline alikuwa ameshanusa. Akaweka kijiko chini. "Mama, yule ng'ombe wa baba Amosi ndiyo kwanza amezaa." Machozi yakamtoka. Njaa aliyoisubiri wiki nzima ilikuwa imekuja, na sasa hawezi kula.

Nikawaka. "Mjukuu wangu, muulize baba yako ametia nini humu!"

"Mwanangu, mwambie bibi yako maji yaliisha, nikatia maziwa. Si mama yako amezaa? Kwetu aliyezaa anapewa maziwa." Alisema kwa furaha, maskini, kama mtu anayesubiri kusifiwa.

Nikamweleza Amosi habari yote, ya kiwele, ya kukauka, ya kufa, tena sikupunguza neno. Upande wa pili upawa ukawekwa chini. Msukuma na ng'ombe wake si mchezo. Na huyu ng'ombe mwenye mabaka, Joséline aliniambia, Kashinje humwimbia akimkamua. Nikajua sasa atakuja kulichukua bakuli akamwage, na nisingemlaumu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mwambie bibi yako ng'ombe ni wangu. Akivimba, avimbe. Akifa, nitamlilia. Lakini mama yako ale."

Nikakiokota kile kijiko.

Joséline akanitazama. "Anza wewe, mama."

Nikachota. Nikafumba macho, nikameza. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu kuliko ninayopika mimi. Maziwa yalikuwa yameituliza chumvi ya mguu, na njegere zilipita kooni zenyewe. Nilitafuta kasoro nisiipate, na ilinichukiza kidogo.

"Ikoje?"

"Wewe kula."

Akala. Kijiko kimoja kwanza, akingoja kama kuna litakalotokea. Kisha cha pili. Kisha akaacha kuhesabu, akainamia bakuli, akakwangua chini, akaomba jingine. Alipomaliza la pili akalala palepale mkekani, mdomo una mafuta.

Alipoamka jua lilikuwa limelegea, na kitenge chake kimelowa kifuani. Amosi akapewa titi. Alivuta mara moja, akashtuka, akavuta tena, na safari hii nikasikia anameza. Nililia. Sioni haya kusema.

Upande wa pili mtu akakohoa. "Mwanangu," Kashinje akaita. "Mwanangu, muulize bibi yako..."

"Ananyonya," nikasema. "Usimsumbue."

Kuku akapita, akachungulia kona, akaendelea na safari yake.

"Mayu," akasema, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "nikuletee na wewe bakuli?"

"Lete, baba," nikamjibu. "Lijaze."