Miganda ya Siku ya Mikaeli

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Hidar, wingu jeusi lilikuwa limekaa upande wa mashariki wa bonde, na tefu ya Ayalneh, nafaka yake ya mwaka mzima, ilikuwa chini. Ilikuwa imekatwa, imefungwa miganda na kulazwa shambani mstari kwa mstari. Haikuwa imelundikwa. Tefu iliyolundikwa vizuri, masuke ndani na mashina nje, humwaga mvua pembeni kama paa la nyasi. Iliyolala chini hunywa maji yote, na punje zake, ambazo ni ndogo kuliko za ulezi, huota au huwa nyeusi kabla hazijafika kwenye uwanja wa kupuria.

Mvua mwezi wa Hidar, mwezi wa mavuno, si jambo la kawaida, ndiyo maana hakukuwa na haraka. Siku iliyotangulia, wanaume wa kijiji walikuwa wakusanyike kwa Ayalneh kumsaidia kulundika, na Tiruye, mkewe, alikuwa ameshachuja pombe ya kuwapa. Alfajiri bibi mmoja wa bondeni akafariki. Wote, Ayalneh akiwemo, wakaenda kuchimba kaburi, na pombe ikanywewa msibani. Kazi ikasogezwa hadi tarehe kumi na tatu, kwa kuwa kumi na mbili ni sikukuu ya Malaika Mikaeli na siku hiyo hakuna anayegusa shamba.

Ayalneh alikuwa na ng'ombe dume mmoja wa kulimia, wa rangi ya kijivu, jina lake Dalecha. Mwenzake alikuwa amekufa katika msimu wa mvua. Plau huvutwa na ng'ombe wawili. Akiwa mmoja, hana kazi ila kula. Tefu ile ndiyo ilikuwa iwe ng'ombe wa pili.

Wa kwanza kuingia uani asubuhi hiyo alikuwa Demelash, mdogo wake Tiruye, ambaye shamba lake lilipakana na la shemeji yake. Alikuwa na uma wa mti begani.

"Shemeji, umeliona lile?" akauliza, akielekeza kidevu mawinguni.

"Nimeliona tangu lilipokuwa dogo."

"Basi vua hilo shuka jeupe la kanisani twende. Tukianza kwangu, saa nne tuko kwako."

"Leo ni Mikaeli."

"Mikaeli ana mabawa, hajui shida ya mtu wa miguu." Demelash akashusha uma. "Nimetoka kwa Kasisi Mulat sasa hivi. Amesema mtu akiona riziki yake inaangamia, aiokoe, kisha aje kanisani. Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato anatolewa. Hayo si maneno yangu, ni ya Injili."

"Kasisi amesema kweli. Nenda ukalundike."

"Na wewe?"

"Mimi niliapa."

Demelash alijua, kama kijiji kizima kilivyojua. Tiruye alipougua baada ya kujifungua mtoto wao wa mwisho, ambaye hakuishi, Ayalneh alisimama kwenye ua wa kanisa akaweka nadhiri: mkewe akipona, mikono yake haitagusa kazi siku ya Mikaeli, yaani tarehe kumi na mbili ya kila mwezi, maisha yake yote. Tiruye alipona. Mganga wa zahanati alikuwa amemchoma sindano siku hiyohiyo, na Ayalneh hakuwahi kukana kwamba sindano ilisaidia. Alisema tu kwamba yeye hakuiahidi sindano kitu.

"Utakula nadhiri yako na pilipili," Demelash akasema, akaondoka.

Tiruye alikuwa mlangoni. Alingoja mpaka mdogo wake apite ua.

"Nadhiri ile ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Yangu."

"Kwa ajili ya nani?"

"Yako."

"Basi nakufungulia. Nimepona, nimenenepa, nagombana na majirani. Mikaeli ananiona. Nenda."

"Si wewe uliyenifunga. Utanifunguaje?"

"Na mwakani utalima na nini? Utavaa nira pamoja na Dalecha?"

"Ukinisukuma kwa nyuma, labda."

Tiruye hakucheka. "Basi nakwenda mimi. Mimi sikuapa kitu. Nilikuwa nimelala hoi, sikujua hata nani anaapa."

Akavua shuka lake la kanisani, akalitundika kwenye kigingi, akashuka shambani peku. Ayalneh akamfuata. Alikaa juu ya jiwe pembezoni mwa shamba, mikono ndani ya shuka.

Kulundika ni kazi ya watu wawili: mmoja hupanga, mwingine humpa. Tiruye alibeba mganda, akauweka, akarudi kuchukua mwingine. Rundo lilipofika kiunoni mwake likainama upande mmoja, na miganda ya juu ikateleza. Akaanza upya.

"Masuke yaelekee ndani," Ayalneh akasema.

"Nyamaza. Kuamrisha nako ni kazi."

Ng'ambo ya mpaka, Demelash na watoto wake walikuwa wakilundika mbiombio. Upepo ulikuwa umegeuka na kuanza kuleta harufu ya maji. Kutoka kilimani ngoma za kanisa zilisikika. Ibada ilikuwa imekaribia wakati wa kutoa nje sanduku takatifu.

Rundo la pili lilianguka pia. Tiruye akageuka kumtazama mumewe, na safari hii aliona kitu ambacho hakuwa amekiona alipokuwa akipita mbiombio: chini ya shuka, Ayalneh alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu, kama mtu anayemzuia mbuzi sokoni.

Akamwendea akiwa bado ameupakata mganda.

"Ulikuwa na ng'ombe wawili wakati ule," akasema. "Na mbuzi. Kwa nini hukumtolea mbuzi ukamaliza? Watu wote huahidi mbuzi."

Ayalneh alifikiri.

"Mbuzi ningemtoa mara moja, nikasahau," akasema. "Nilitaka kitu kitakachonirudia. Ili kila mwezi, siku hiyo, nikae bila kazi nikutazame, nikumbuke kwamba ungeweza kuwa hupo."

Shati la mumewe lilikuwa limefungwa vifungo kombo, kimoja kwenye tundu lisilo lake. Tiruye akauweka mganda chini, akavifungua, akavifunga upya.

"Kumbe miaka yote hiyo unanitazama," akasema. "Mimi nilidhani ni uvivu."

"Uvivu nao upo."

Tiruye alirudi nyumbani kunawa miguu na kuchukua shuka lake. Walipofika kanisani, sanduku lilikuwa limeshatoka, limebebwa kichwani na kasisi chini ya miavuli ya rangi. Huzungushwa kanisa mara tatu. Mvua ilianza kabla ya mzunguko wa tatu. Kasisi Mulat alimwona Ayalneh katika umati, akatazama upande wa mashamba, kisha akatazama mbele.

Mvua ilinyesha hadi usiku. Tefu ya Demelash, iliyokuwa imelundikwa, ilibaki kavu. Tefu ya Ayalneh ililowa yote, kasoro miganda michache ya ndani ya rundo la kwanza lililoinama. Kesho yake wanaume wa kijiji walikuja kama walivyopanga, na badala ya kulundika wakaanza kugeuza miganda ili jua liipate. Demelash alikuja nao, akageuza kwa mikono yake mpaka magharibi bila mzaha wowote. Ilipopurwa, ilipatikana nafaka ya kula na ya mbegu. Iliyobaki ilikuwa nyeusi, wakampa Dalecha pamoja na majani yake. Ng'ombe wa pili hakununuliwa.

Mwezi wa Megabit, miezi minne baadaye, mmoja wa ng'ombe wa Demelash aliteleza kwenye njia ya kisimani akavunjika mguu, ikabidi achinjwe. Kwenye foleni ya maji mwanamke mmoja alimwambia Tiruye kwamba Mikaeli amelipiza. Tiruye alilifikisha neno hilo nyumbani.

"Njia ile ni mbovu," Ayalneh akasema. "Mwaka juzi ilimvunja mguu ng'ombe wa kasisi. Huyo naye alilundika nini?"

Jioni hiyo alikwenda kwa shemeji yake. Watu wenye ng'ombe mmoja mmoja huwaunganisha, na kila mwenye ng'ombe huwa na zamu yake ya kulima. Walikubaliana bila maneno mengi, na Dalecha alipoingizwa kwenye nira na ng'ombe wa Demelash alitembea vizuri, ingawa alikuwa amezoea upande wa kulia na ikabidi wampe huo.

Mwezi wa Sene mvua zilianza kwa wakati. Tarehe kumi na mbili iliangukia zamu ya Demelash. Siku iliyotangulia, Ayalneh alimwambia, "Kesho njoo umchukue Dalecha. Yeye hakuapa."

"Una hakika?"

"Niliahidi mikono yangu. Ng'ombe hana mikono."

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili Demelash aliingia uani. Hakuwa na nira wala plau. Alikuwa amevaa shuka jeupe lenye mikunjo ya kasha la nguo.

"Nira iko wapi?" Tiruye akauliza.

"Nyumbani."

"Ardhi imelowa vizuri," Ayalneh akasema.

"Nimeiona." Demelash akakaa juu ya gogo karibu na mlango. "Dada, kahawa ipo?"

"Ni mfungo wa Mitume, Demelash. Kahawa baada ya misa."

"Basi nimewahi mno."

"Hujawahi. Nyanyuka."

Demelash akanyanyuka. Tiruye akakifungua kifungo cha juu cha shati la mumewe, akakifunga kwenye tundu lake, na wote watatu wakashika njia ya kilimani. Dalecha alikaa amefungwa kwenye mti wake hadi jioni.