Sakafu ya Chumba cha Kati

Niligonga sakafu kwa mpini wa nyundo, na sakafu ikanijibu.

Mimi si mtu wa kuona majini kila penye kona. Kazi yangu ni kuthamini nyumba, na mthamini hulipwa ili asishangae. Unaingia, unapima kuta, unatazama paa, unagonga sakafu usikie kama saruji imeshika au chini kuna uwazi, unaandika, unakwenda zako. Kwa hiyo niliposikia mlio ule ukirudi kutoka chini, nilijiambia ni panya. Nikasogea, nikagonga mahali pengine, polepole. Nikajibiwa polepole, hapo hapo niliposogea. Panya hana adabu ya namna hiyo.

Ilikuwa Bukom, Accra ya zamani, miaka mingi imepita, katika yale majuma ya kabla ya Homowo, sikukuu yetu ya mavuno, ambapo mji wote hukatazwa ngoma na makelele ili mtama uote kwa utulivu. Hata msiba hauliliwi kwa sauti. Sisi Waga, wenyeji wa Accra, tunazaliwa tukiijua marufuku hiyo. Lakini mimi nilikulia mbali, Kumasi, kwa baba wa kambo, nikarudi kwetu nikiwa mtu mzima mwenye cheti, na asubuhi ile ilikuwa imenitoka kabisa kichwani. Mji mzima umenyamaza, mimi niko na nyundo.

Aliyeniita ni Okaitei, mwenye duka la vipuri. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mama yake, na hati zilikuwa zimeishia kwenye jina lake. Aliyebaki akiishi humo ni mama yake mkubwa, Naa Korlei, bibi mwembamba aliyekaanga samaki uani na kuwauza mlangoni. Mnunuzi alikwishapatikana, mtu wa mahoteli, anasubiri ripoti yangu tu. Ikitoka safi, Naa Korlei angehamishiwa chumba cha kupanga kule Kasoa, mbali na kila aliyemjua, na huko angekufa. Hilo nililijua, Okaitei alilijua, na bibi mwenyewe alilijua.

Bosi wangu, Bwana Lartey, alikuwa ameniasa kabla sijatoka. Aliamini kwamba ripoti huuawa na maneno. Kuta, paa, sakafu, kiwanja, bei, basi. Mnunuzi akitaka hadithi anunue redio.

"Wewe una ugonjwa wa kuona vitu," akaniambia. "Ukiona, ona. Usiandike."

Na kweli, ugonjwa huo ninao. Hata kabla sijagonga nilikuwa nimeona kwamba chumba cha kati hakikuwa na kiti wala mkeka, isipokuwa ukutani. Saruji ya pembeni ilikuwa imesuguliwa na nyayo mpaka ikang'aa, na ile ya katikati ilikuwa na mikwaruzo yake ya siku ilipomwagwa. Watu wa nyumba ile, wakubwa kwa watoto, walikuwa wakipita kandokando. Joto la Accra si la kusimuliwa, lakini pale nilipopiga goti baridi ilinipanda mpaka kiunoni.

Nilipoinua macho, Naa Korlei alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga wa kukaangia samaki. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Nilingoja anifokee. Hakunifokea, na hapo ndipo nilipoogopa hasa.

"Umeshawaamsha," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa waambie ulichokuja kufanya."

Nikaelewa palepale. Zamani watu wetu walizika wafu wao ndani ya nyumba, chini ya vyumba walivyolala, mpaka Waingereza wakakataza, na wako waliokaidi wakaendelea kimyakimya. Habari hizo nilikuwa nimezisoma. Kuzisoma ni jambo jingine na kuzipigia magoti ni jambo jingine.

Nikabaki nimepiga goti. Basi nikafanya nilichoambiwa. Nikataja jina langu na la baba yangu mzazi, kisha nikasema, macho yangu kwenye saruji, kwamba nimekuja kuipa nyumba bei. Mtu mzima, tai shingoni, anaongea na sakafu, cheka ukitaka. Lakini mimi lililonitia haya ni lile neno bei. Nililisikia likibaki mle chumbani baada ya mimi kunyamaza, na chini hapakutoka mlio tena, wala mkwaruzo, na ukimya ule ulikuwa wa watu wanaosikiliza.

Naa Korlei alinishika mkono, akaniinua. Akanipa samaki na kenkey, donge la unga wa mahindi, nikala. Hakuniomba lolote. Angeniomba, ningepata cha kumkatalia.

Ripoti ilinitesa. Kwanza niliiandika alivyotaka Bwana Lartey: sakafu ni ya saruji, hali ya wastani. Hapakuwa na uongo hata chembe, wala hamkuwa na Naa Korlei. Nikaichana, nikaandika kila kitu, baridi, mlio, ukimya, ikawa ripoti ya mwendawazimu. Mnunuzi angeicheka kisha angenunua. Machache yangemtoa bibi wa watu nyumbani kwake, na mengi yasingemwokoa. Mwishowe chini ya neno sakafu niliongeza sentensi moja tu, kwamba chini ya chumba cha kati wamezikwa watu wa ukoo na aliyebaki anaishi nao. Bwana Lartey aliisoma, akatia sahihi. Naye alikuwa mtoto wa Bukom.

Mnunuzi alijitoa siku ileile.

Okaitei alinijia ofisini amevimba kwa hasira. Alinitukana, nikamwacha amalize. Alisema nyumba za namna hiyo ziko tele na zinauzwa kila siku, tatizo si makaburi, tatizo ni mdomo wangu. Nami hasira ikanipanda, nikamwambia nisingeandika kama nisingejibiwa.

Akavuta kiti, akaketi.

"Walikujibu?"

Nikamsimulia. Hakuondoa macho yake mdomoni mwangu. Alipoongea tena ile sauti ya mwenye duka ilikuwa imekwisha. Akasema mama yake yuko pale chini, walimzika kwa siri yeye akiwa hajaanza hata shule. Alikuwa akilala kifudifudi juu ya saruji ile, sikio chini, akigonga kwa kifundo cha kidole na kumwita. Aligonga miaka. Hakujibiwa hata mara moja, mpaka akakua, akaamua kwamba mle hamna mtu, na nyumba isiyo na mtu huuzwa.

Akafuta uso kwa kiganja.

"Huo mlio uliousikia," akauliza, "ulikuwa mzito au mwepesi?"

Hilo sikuliandika popote. Nikafumba macho nikaurudisha mlio ule masikioni.

"Mwepesi," nikamwambia. "Kama wa mtu anayeogopa kumwamsha mtoto."

Okaitei aliutazama mkono wake, ule aliokuwa akigongea, akakaa hivyo mpaka makarani wakaanza kufunga madirisha. Kisha akaniuliza mama yake mkubwa siku hizi hufunga mlango saa ngapi.

"Haufungwi," nikamwambia.